Leveli Siti Ofisini: Mwongozo wa Kuchanganya Skramu na Kanbani

Iulize timu yoyote ya programu, iwe Kijitonyama au Westlands, inafanya kazi kwa utaratibu gani. Jibu litakuja haraka: tunachanganya Skramu na Kanbani. Usilipokee kabla hujatazama ukutani. Mara nyingi mchanganyiko wenyewe ni kikao cha asubuhi kinachokula dakika 45, ubao wenye kadi za rangi nne ambazo hakuna anayekumbuka ile ya waridi ilikuwa ya nini, na kazi 31 zilizobandikwa chini ya neno "Inaendelea" wakati timu nzima ni watu 6. Kutoka Skramu wamechukua vikao. Kutoka Kanbani wamechukua ubao. Sehemu ngumu ya kila upande, ambayo ndiyo yenye faida, hawakuigusa.

Mwongozo huu ni wa kuirudisha sehemu hiyo ngumu, na nauandika nikiwa na msimamo. Ugumu wa Skramu uko kwenye lengo lenye tarehe. Ugumu wa Kanbani uko kwenye kikomo. Ukichukua hayo mawili, umechanganya. Ukichukua mengine yote ukayaacha hayo mawili, umepamba ukuta, na mapambo hayajawahi kumaliza kazi ya mtu.

Anza kwa kujua unachanganya nini na nini. Kanbani ilitoka kiwandani. Taiichi Ohno wa Toyota alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa pale tu mteja anapochukua kitu. Mwaka 1953 utaratibu wa kadi ukaanza kutumika katika karakana ya mashine ya Toyota: kituo cha mbele kikihitaji vipuri kinatuma kadi nyuma, na kituo cha nyuma hakitengenezi chochote bila kadi. Kwa hiyo kadi ile haikuwekwa ili kueleza kazi. Ilikuwa ruhusa ya kuanza kazi. Hakuna kadi, hakuna kuanza, hata kama mashine imekaa bure na fundi amekunja mikono. Ofisi zetu zimeigeuza kadi kuwa karatasi ya kumbukumbu, ndiyo maana zinazo nyingi.

Skramu nayo ina mizizi Japani. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, ambako timu moja ilibeba bidhaa mpya tangu mwanzo hadi mwisho badala ya idara kurushiana mafaili. Wakaifananisha timu hiyo na wachezaji wa raga. Jeff Sutherland akalifanyia kazi wazo hilo mwaka 1993 katika kampuni ya Easel, na mwaka 1995 yeye na Ken Schwaber wakaliwasilisha kwenye mkutano wa OOPSLA huko Austin, Texas.

Mkutano wa pande hizi mbili ulikuja baadaye, kikomo cha kiwandani kilipoingia kwenye kazi ya programu. Mwaka 2004 David J. Anderson aliisaidia timu ya matengenezo ya Microsoft iliyokuwa Hyderabad, India, ambayo maombi yake yalikuwa yakikaa miezi. Dawa ya kwanza haikuwa kuajiri. Waliacha kukadiria kila ombi lililoingia, kwa sababu makadirio yenyewe yalikuwa yanakula sehemu kubwa ya muda wa kazi, na wakazuia idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Muda wa kusubiri ukaanguka kutoka miezi hadi wiki chache. Mwaka 2009 kikatoka kitabu cha Corey Ladas kiitwacho Scrumban, na mwaka 2018 taasisi ya Scrum.org ikatoa mwongozo wa Kanbani kwa timu za Skramu. Mwongozo huo haufuti hata kipengele kimoja cha Skramu; unaongeza tu. Kwa hiyo anayesema ameacha vikao vyote "kwa sababu sasa tuko Kanbani" hajachanganya kitu. Ameacha vikao.

Sasa tushike kazi. Nitatumia mfano wa timu ya watu 6 inayotunza mfumo wa SACCOS. Wanachama wanaweka na kukopa kwa simu, matawi yanatoa ripoti za mwezi, na makao makuu hayakosi ombi jipya. Timu za namna hii ndizo zinazouhitaji mchanganyiko kuliko zote, kwa sababu nusu ya kazi yao inapangika na nusu nyingine inaingia kwa simu saa tatu asubuhi, huduma ya malipo imegoma, na wanachama wamepanga mstari dirishani wakiuliza pesa zao ziko wapi.

Chora ubao unaosema kweli. Ubao wa safu tatu, yaani "Kufanya", "Inaendelea" na "Imekwisha", ni ubao wa heshima: unamstahi kila mtu na haumwambii yeyote habari mbaya. Fuata kadi moja uone. Mtu anaandika msimbo. Kazi inasubiri mwenzake aikague. Inakaguliwa. Inasubiri majaribio. Inajaribiwa. Inasubiri meneja wa tawi aseme ndiyo. Meneja yuko semina Morogoro. Anarudi, anasema ndiyo, lakini ni Ijumaa, na hakuna mwenye akili timamu anayepandisha toleo jipya la mfumo wa fedha Ijumaa jioni. Kazi iliyohitaji siku mbili za mikono imeishi wiki tatu, na wiki tatu zote hizo ubao ulikuwa unasema "Inaendelea". Haikuwa inaendelea. Ilikuwa imekaa.

Basi kila mahali kazi inapokaa pape safu yake: "Inasubiri ukaguzi", "Inasubiri majaribio", "Inasubiri tawi". Ubao utakuwa mrefu na mbaya kutazama, na watu wataona aibu kidogo mgeni akiingia. Uache hivyo hivyo. Juu ya kila safu andika kwa maneno machache ni nini lazima kiwe tayari ndipo kadi ivuke, na uwe mkali zaidi kwenye safu ya mwisho. "Imekwisha" maana yake mwanachama wa SACCOS anaitumia. "Kwangu imeisha" ni maneno ya mtu aliyeshika mkoba tayari kuondoka. Hayana safu kwenye ubao huu.

Tumefika penye kazi yenyewe, na hapa nitakaa.

Juu ya kila safu andika namba. Msimbo 3. Ukaguzi 2. Majaribio 2. Safu ikijaa, hakuna kadi inayoingia mpaka nyingine itoke. Aliyemaliza kazi yake na kukuta mbele kumejaa haruhusiwi kuchukua kazi mpya ili aonekane ana shughuli. Anakwenda mbele kusaidia iliyokwama. Mwandishi wa msimbo anakaa na anayejaribu. Anayejaribu anampigia meneja wa tawi. Ikibidi, mtu anakaa bila kadi na hakuna anayemsema.

Kila aliyewahi kupanda daladala anaijua mantiki inayopingana na kanuni hii, na anajua inavyoishia. "Sogeeni nyuma, huko nyuma peupe!" Kondakta anaona nafasi pale ambapo abiria anaona kwapa la mtu. Kwenye hesabu ya kondakta kila anayeongezwa ni nauli, kwa hiyo gari lililojaa ni gari linalofanya kazi. Kwenye hesabu ya abiria anayekwenda Gongo la Mboto, kila kituo sasa kinachukua dakika tano, kwa sababu anayeshuka yuko dirishani, mtoto wake yuko mlangoni, na kati yao wamesimama watu kumi na mmoja ambao hawashuki hapo. Kenya ilipoanza kutekeleza Kanuni za Michuki mwaka 2004, matatu ya siti 14 ikatakiwa kubeba watu 14. Daladala za Dar es Salaam nazo zilitakiwa kubeba leveli siti, yaani abiria kwa idadi ya viti tu, wakati wa korona mwaka 2020. Kikomo cha ubao ni leveli siti hiyo hiyo. Kondakta wa ofisini ni yeyote anayefika kwenye meza yako na kuanza kwa maneno "ni kitu kidogo tu".

Kitu kidogo tu ndicho kinachoua timu zetu, na haitoshi kuwaambia watu wawe na nidhamu. Ugumu wake ni wa kijamii. Anayekuja na kitu kidogo tu mara nyingi ni mkubwa: mkuu wa kitengo, mtu wa makao makuu, mzee aliyekupigania ukaajiriwa. Kijana wa miaka 26 hawezi kumtazama usoni akasema hapana, na kusema kweli hatukumlea aseme hivyo. Anasema "sawa, mzee", anaweka pembeni alichokuwa anafanya, na kazi ya thelathini na mbili imeanza. Uzuri wa kikomo kilichoandikwa ukutani ni kwamba kinamwondolea kijana mzigo wa kukataa. Mkubwa haambiwi hapana. Anaonyeshwa ubao.

"Dada, hii ya ripoti ni nusu saa tu, niingizie leo."

"Sawa, bosi. Msimbo zimejaa tatu, hizi hapa. Ipi tuitoe ili yako iingie?"

Maneno hayo yasemwe kwa sauti ya kawaida, mkiwa mmesimama wote wawili mbele ya ubao, wala si kwa barua pepe. Bosi atatazama kadi tatu, na mbili kati ya hizo aliziomba yeye mwenyewe. Huenda akasema yake isubiri Jumatatu. Huenda akatoa moja, na hilo pia ni sawa kabisa, kwa sababu ameamua akijua gharama. Kinachokatazwa ni kadi ya nne kuingia bila yeyote kuamua.

Wapo watakaosema kikomo kinapunguza kazi. Waonyeshe hesabu. John Little, aliyekuja kuwa profesa wa MIT, alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo sasa inaitwa kwa jina lake: wastani wa vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha na wastani wa muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Ukiigeuza kwa matumizi ya ubao, muda wa wastani wa kazi moja ni kazi zinazoendelea ukigawanya kwa kazi zinazokamilika kwa wiki. Timu yetu ya SACCOS ikiwa na kazi 24 zinazoendelea na inamaliza 6 kwa wiki, kila kazi inakaa wastani wa wiki 4. Watu wale wale, wakimaliza 6 zile zile kwa wiki lakini kazi zinazoendelea zikiwa 9, kila moja inakaa wiki moja na nusu. Hakuna aliyeongezewa kompyuta wala aliyelala ofisini. Kanuni inataka mambo yawe yametulia kiasi, yaani kazi ziingie na kutoka kwa kasi inayokaribiana, na ndiyo maana haifanyi kazi kwenye ubao ambao kila siku unapokea zaidi ya unachotoa.

Mwaka huo huo wa 1961 mwanahisabati wa Uingereza, John Kingman, alichapisha hesabu za foleni inayokaribia kujaa. Kwa foleni ya kawaida yenye mhudumu mmoja, kusubiri kwa anayehudumiwa na mtu mwenye shughuli asilimia 90 ya muda wake ni zaidi ya mara mbili ya kule kwa mwenye asilimia 80. Kwenye asilimia 95 kunakaribia mara tano. Sasa mfikirie yule mtu mmoja wa timu yetu anayejua kuunganisha mfumo na kampuni za simu. Anasifiwa kwamba hapumziki. Kila kadi inayopita kwake inalala kwake siku tisa. Meneja anayefurahia kuona kila mtu amejaa asilimia mia ndiye anayeinunua foleni ile, na analipa kwa muda wa wanachama. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Ubao wa kadi 24 kwa watu 6 ni wa watu walioshika nne nne.

Namba ya kuanzia isiwasumbue. Jumla ya vikomo vyote iwe karibu na idadi ya watu, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Baada ya wiki mbili punguza moja kwenye safu inayojaa mara kwa mara, usubiri mtu alalamike. Malalamiko yake yatakuambia kazi inakwama wapi kwa usahihi zaidi kuliko dodoso lolote. Mkigundua kwamba kila safari kinachokwama ni ukaguzi, kwa sababu mwenye uzoefu wa kukagua ni mmoja tu, mfundisheni wa pili. Msipandishe kikomo. Kupandisha kikomo ndiko kondakta anakokuita "kubanana kidogo".

Kikao cha asubuhi sasa kinabadilika. Yale maswali matatu maarufu, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia, yaliondolewa kwenye Mwongozo wa Skramu, waraka rasmi wa utaratibu huo, katika toleo la mwaka 2020. Yaondoe na kwako, maana yamezaa kizazi cha watu wanaotunga shajara wakiwa njiani kuja kazini. Simama mbele ya ubao na uanzie kulia, kwenye kadi iliyo karibu zaidi kumfikia mwanachama. Iulizeni kadi, msimuulize mtu: hii imekaa hapa siku ngapi, na leo nani anaitoa? Kisha ya pili yake. Kadi mpya kabisa za kushoto zitazungumzwa mwisho, na siku nyingi muda utakuwa umekwisha kabla hamjazifikia. Vizuri. Dakika 15 zinatosha, na Skramu yenyewe haikuruhusu zaidi ya hizo.

Umri wa kadi ndiyo habari kubwa ya kikao hiki. Andika kwa kalamu tarehe kadi ilipoanza, iwe kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mlangoni. Ipo kadi katika kila ofisi iliyoingia kwenye majaribio mwezi wa Shaabani, ikafunga Ramadhani nzima pamoja na waumini, ikala Iddi, na bado inasemwa "inakaribia". Kadi hiyo haimwaibishi mtu mmoja. Inaonyesha kwamba timu nzima imepita mbele yake kila asubuhi ikitafuta kitu kipya cha kuanza.

Ili ujue kadi imezeeka lini, tazama kazi zenu zilizopita. Chukua 40 za mwisho na uhesabu kila moja ilichukua siku ngapi tangu kuanza hadi kutumika. Kama 34 kati ya hizo ziliisha ndani ya siku 8, mnaweza kuliambia tawi bila kuapa: kazi tukiianza, asilimia 85 ya mara huisha ndani ya siku 8. Mwongozo wa Kanbani kwa timu za Skramu unahimiza ahadi ya namna hii. Naipenda kwa sababu imetoka kwenye mliyoyafanya, siyo kwenye mnayoyatamani. Kadi ikifika siku ya sita, inyanyueni asubuhi bila kusubiri iwe ya tisa.

Hapo ndipo alama za makadirio, zile namba za kukisia ukubwa wa kazi, zinapopoteza nguvu. Timu zinaweza kukaa saa tatu zikibishana kama kazi ni alama 5 au 8. Mwongozo wa Skramu hautaji alama hizo popote. Ukigawa kazi katika vipande vinavyokaribiana ukubwa, kuhesabu vipande kunatosha. Alama ziacheni, na zile saa tatu zitumieni kugawa kazi kubwa.

Dharura zina njia yake. Malipo yamesimama, matawi matano hayawezi kupokea marejesho, na hapo hakuna wa kumsomea kikomo. Chora mstari mmoja juu kabisa ya ubao. Mstari huo unabeba kadi moja tu kwa wakati mmoja, unaruhusiwa kuvuka vikomo, na anayeruhusu kadi kuingia humo ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, kwa kawaida mwenye bidhaa, yule anayeamua kazi ipi itangulie. Wengine waache walichoshika, waisukume hadi mwisho, warudi. Kisha mwisho wa mwezi hesabuni kadi zilizopita mstari ule. Zikiwa 2, mna dharura. Zikiwa 20, mna kazi ya kawaida iliyonyimwa nafasi. Ipeni nafasi mbili za kudumu kwenye ubao na muache kushtuka kila wiki kana kwamba ni jambo geni.

Tusisahau Skramu, maana wanaokumbatia Kanbani kwa furaha hivi mara nyingi wanakimbia kitu. Kikomo kitawafanya mmalize haraka, lakini hakitawaambia mmalize nini. Timu inayovuta kadi moja baada ya nyingine mwaka mzima inaweza kufika Desemba imemaliza kazi 300 na mwanachama wa SACCOS haoni tofauti yoyote. Lengo la sprinti, kile kipindi kifupi cha kazi chenye tarehe ya mwisho, ndilo linalozuia hilo. Liwe sentensi moja ambayo mhasibu wa tawi anaielewa bila tafsiri: "Mwanachama ataona salio la mkopo wake kwenye simu." Orodha ya kadi 14 siyo lengo. "Kuboresha mfumo" siyo lengo. Kama huwezi kumwambia mama mjasiriamali wa Tandale ukaona uso wake unachangamka, liandike upya.

Lengo likishakaa, sprinti haiongezwi siku. Hiki ndicho kigezo changu kwa timu inayosema inafuata Skramu: inafanya nini siku ya mwisho ikifika na kazi haijaisha? Wanaosogeza mbele "hadi Jumatano" wamejinyima kitu pekee walichopaswa kukipata, yaani kujua kwa tarehe wako wapi. Funga siku ile ile, onyesha kilichopo, sema kisichokuwepo, anza nyingine. Mwongozo wa Skramu wenyewe tangu mwaka 2011 haudai tena kwamba timu imeapa kumaliza orodha yote ya sprinti. Orodha ni utabiri, na kinachoshikiliwa ni lengo. Kadi ndani ya sprinti zinaweza kubadilika mkizungumza na mwenye bidhaa, mradi lengo halidhuriki. Kumbe Kanbani ina nafasi ya kutosha humo ndani: kadi zinavutwa moja moja, kwa kikomo, kuelekea sentensi moja yenye tarehe.

Wala msingoje mwisho wa sprinti kupeleka kazi kwa watumiaji. Kadi iliyokwisha Jumanne ipande Jumanne. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba kikao cha mapitio cha mwisho wa sprinti kisigeuzwe lango la kuruhusu kazi itoke. Ofisi nyingi zinalinda lango hilo kwa bidii, zinarundika kazi za wiki mbili nyuma yake, halafu zinazipandisha zote usiku mmoja na kuomba dua. Dua ni njema, lakini kazi ndogo iliyopanda peke yake Jumanne asubuhi, watu wote wakiwa macho, inahitaji dua chache.

Kikao cha kujitathmini kibaki, na kipewe namba za ubao: kazi ngapi zilimalizika, zilikaa siku ngapi, ipi ilizeeka na kwa nini. Bila namba hizo watu huzungumzia mawasiliano, wakakubaliana kuboresha mawasiliano, wakala sambusa.

Kwa timu ya msaada tupu, ambayo kila kazi yake inaingia kwa simu na haijui kesho italeta nini, sprinti haina faida. Kanbani peke yake inawatosha, na wasione haya kusema hivyo. Timu inayojenga bidhaa mpya kabisa, bila watumiaji bado, ina haki ya kuanza na Skramu kamili na kuongeza vikomo tu. Mchanganyiko ni wa walio katikati, na walio katikati ndio wengi wetu, kwa sababu ni chache kati ya ofisi zetu zenye uwezo wa kutenga watu wa kujenga na watu wa kutunza.

Kuhusu programu za ubao, Jira, Trello na nyinginezo, zitumieni kama watu wako miji tofauti. Mkikaa chumba kimoja, karatasi na ukuta vinashinda, kwa sababu ukuta hauwezi kufungwa kama dirisha la kompyuta, na bosi anaupita akienda kunywa chai. Lakini popote mtakapouchora, msiipe programu kazi ya kulinda kikomo kwa niaba yenu. Itageuza safu kuwa nyekundu, na baada ya wiki macho yatazoea wekundu.

Mwongozo wa Skramu una kurasa 13, na ule wa Kanbani kwa timu za Skramu nao ni mfupi. Yote miwili inapatikana bure kwenye intaneti. Kabla hamjalipia semina ya siku mbili hotelini, isomeni pamoja mkiwa ofisini. Kisha kesho asubuhi hesabuni kadi zote zilizo katikati ya ubao wenu, mgawanye kwa kazi mnazomaliza kwa wiki, mliandike jibu kwa kalamu nyekundu mahali bosi atakapoliona, na msianze kazi nyingine yoyote mpaka lishuke.